Mheshimiwa Diwani, mazingira tunayalipia tayari

Kwa Mheshimiwa Diwani wa kata yetu,

YAH: KAULI YAKO KWAMBA MAZINGIRA YASUBIRI MPAKA GHARAMA ZA MAISHA ZISHUKE

Mheshimiwa,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni mkazi wa kata unayoiwakilisha, na kura yangu uliipata. Hii si barua yangu ya kwanza kwako. Ya kwanza niliikabidhi kwa mkono ofisini, ya pili niliituma baada ya mkutano wa hadhara. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili msaidizi wako alinipigia simu, akaniambia kwa upole kwamba suala langu limepokelewa. Tangu siku hiyo mvua zimenyesha hadi zikakatika, mtaro ulio nyuma ya nyumba zetu bado umejaa taka, na kauli niliyokuandikia umeirudia mbele ya watu wengi zaidi. Ndiyo maana leo naandika hadharani.

Kauli hiyo nitaieleza kama nilivyoisikia, ili nisikusingizie. Ulisema watu wana njaa, bei zimepanda, na mwenye njaa hawezi kuambiwa habari za miti na mito. Ukasema kazi yako ya kwanza ni kushusha gharama za maisha, na mazingira yatashughulikiwa baadaye. Watu walipiga makofi. Nilikuwepo, na siwalaumu. Maisha yamekuwa magumu, na mtu anapomsikia kiongozi akiyataja magumu hayo kwa jina hujisikia ameonekana.

Sina ugomvi na nusu ya kwanza ya kauli yako. Ugomvi wangu ni na neno "baadaye". Unazungumza kana kwamba gharama za maisha ziko kwenye kapu moja na mazingira kwenye kapu jingine, na halmashauri haina budi kuchagua la kubeba. Nyumbani kwangu kapu ni moja. Halmashauri inapokata fungu la taka, la mitaro au la maji, gharama ile haifi. Inahama kutoka kwenye vitabu vyenu na kuingia mfukoni mwangu, na huku kwangu inakuja ikiwa imeongezeka.

Baada ya mkutano ule nilichukua daftari, na kwa miezi mitatu nikaandika kila fedha iliyotoka nyumbani kwa sababu ambayo wewe ungeiita ya mazingira. Maji ya madumu, wiki zile kisima kilipoingiwa na maji machafu ya mtaro. Dawa ya kikohozi ya mtoto, kila jalala lilipowaka. Malipo ya kijana wa mkokoteni anayebeba taka ambazo tumeshazilipia ada. Godoro lililoloa usiku maji yalipoingia ndani, na siku mbili za kazi nilizokosa nikikausha nyumba. Nilipojumlisha, nilichotoa kilikuwa mara kadhaa ya kile nilichookoa mlipopunguza ada ya taka. Na mimi nina kazi. Jirani yangu anayefua nguo za watu hakuwa na cha kuandika kwenye daftari, kwa sababu maji ya kununua hana uwezo nayo. Yeye na wanawe waliyanywa yale ya kisima.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Ada ya taka mliipunguza, na huduma ikaondoka nayo.

Ada iliposhuka tulifurahi, nami nikiwemo. Kisha gari lililokuwa likipita kila wiki likaanza kupita mara moja kwa mwezi, na miezi mingine halikuonekana. Taka haziishi kwa sababu gari halikuja. Zinatoka mlangoni kwa mtu, zinaingia mtaroni, na mvua ya kwanza inazipeleka jikoni kwa yule aliyejenga chini zaidi.

Najua kazi hii ni ghali. Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya mwaka 2018 kuhusu taka, ilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini taka humeza karibu asilimia 20 ya bajeti ya halmashauri, na bado zaidi ya asilimia 90 ya taka huishia kwenye majalala ya wazi au huchomwa ovyo. Fungu kubwa kiasi hicho ndilo lilipaswa kulindwa kwa macho mawili. Ninyi mlilikata, na mpaka leo hatujaambiwa ni njia zipi zilifutwa, magari mangapi yameegeshwa, na fedha iliyobaki ilikwenda wapi.

Hoja ya kwamba kwanza tutajirike ndipo tusafishe, iangalie dhidi ya historia. Katika mafuriko makubwa ya mwaka 1988 na 1998 nchini Bangladesh, mifuko ya plastiki iliziba mitaro na maji yakakosa pa kutokea. Mwaka 2002 nchi hiyo ikawa ya kwanza duniani kupiga marufuku mifuko myembamba ya plastiki. Rwanda ilifanya hivyo mwaka 2008, Kenya mwaka 2017, Tanzania mwaka 2019. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa nchi tajiri. Zilichukua hatua kwa sababu hasara ya kutochukua hatua ilikuwa inawaangukia watu wasio na akiba.

2. Mnagawa viwanja kwenye bonde ambalo mto hupumulia.

Ulisema viwanja vingi vitashusha kodi za pango. Mheshimiwa, mimi ni mpangaji, na hakuna anayeitamani kodi nafuu kuliko mimi. Lakini anayeuziwa kiwanja bondeni anauziwa na mafuriko yake. Atajenga kwa mkopo, maji yatakuja, na mkopo utabaki.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana haraka. Jijini Kampala kuna kinamasi cha Nakivubo, kinachopokea majitaka ya jiji kabla hayajaingia Ziwa Victoria, kwenye ghuba ileile ambamo jiji huchota maji ya kunywa. Mwaka 1999 wataalamu walipiga hesabu ya kazi ya kuchuja uchafu ambayo mafunjo na udongo wa kinamasi kile huifanya bila mshahara. Walipata thamani ya kati ya dola milioni 1 na dola milioni 1.75 kwa mwaka. Kifukie, na kazi hiyo itabidi ifanywe na mitambo, na mitambo hulipiwa kwenye ankara ya maji ya kila nyumba. New York nayo ilifika kwenye njia panda kama hiyo mwaka 1997. Kujenga mtambo mkubwa wa kuchuja maji kungegharimu zaidi ya dola bilioni 6. Jiji lilichagua kutumia takriban dola bilioni 1.5 kulinda misitu na mashamba ya milima ya Catskill, yanakotoka maji yake. Huo ulikuwa uamuzi wa kihasibu, wa watu wanaojua kubana matumizi.

3. Umependekeza upimaji wa maji uahirishwe ili kubana matumizi.

Hapa naomba unisikilize kwa utulivu, maana hili ndilo linaloninyima usingizi.

Mji wa Flint, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, ulikuwa na hali mbaya ya fedha kiasi kwamba uliwekwa chini ya msimamizi wa dharura aliyeteuliwa na jimbo. Aprili 2014, ili kuokoa fedha, mji uliacha kununua maji yaliyosafishwa kutoka Detroit, ukaanza kutumia maji ya Mto Flint. Maji hayo yalikuwa yanakula mabomba, na dawa ya kuzuia mabomba yasiliwe haikuwekwa. Mabomba ya zamani yakaanza kuachia madini ya risasi ndani ya maji ya kunywa. Wakazi walilalamika kuhusu rangi, harufu na vipele mwilini. Walibeba chupa za maji ya kahawia hadi kwenye mikutano. Wakaambiwa maji ni salama.

Mwaka 2015 daktari wa watoto wa mji huohuo, Mona Hanna-Attisha, alionyesha kwamba risasi katika damu ya watoto ilikuwa imeongezeka tangu maji yabadilishwe. Mwanzoni maofisa walimpinga. Oktoba mwaka huo mji ulirudi kwenye maji ya Detroit, lakini mabomba yalikuwa yameshaharibika. Mwaka 2021 jaji aliidhinisha fidia ya takriban dola milioni 626, mbali na gharama za kuchimbua na kubadilisha mabomba nyumba kwa nyumba. Hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto, na ikishaudhuru ubongo wake, fidia haiutengenezi.

Waliofanya uamuzi ule walikuwa na sababu kama yako: hali ya fedha ni ngumu, tupunguze. Sisemi maji yetu yana risasi. Nasema hatutajua yana nini kama hatuyapimi. Upimaji ndio kazi ya kwanza kukatwa kwa sababu hakuna anayeandamana kwa ajili ya karatasi ya maabara. Familia ikishaugua, hospitali haitaahirisha bili.

4. Mazingira yanasubiri, isipokuwa pale mnapomtoza faini mnyonge.

Hili limeniuma kuliko yote. Halmashauri ileile iliyosema haina fedha za mitaro imepitisha sheria ndogo ya kutoza faini kaya na wauza chakula wadogo wanaotumia kuni na mkaa. Wewe uliipigia kura ya ndiyo. Nimejaribu kuipatanisha kura hiyo na hotuba yako na nimeshindwa. Mazingira yanapohitaji fedha kutoka halmashauri, yasubiri. Yanapoweza kuingiza faini, hayasubiri hata wiki.

Moshi wa jikoni ni hatari, sibishi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, hasa kutokana na kupikia kuni, mkaa na mafuta ya taa, ilisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Wengi wa wanaouvuta ni akina mama na watoto wadogo. Swali ni nani alipe gharama ya kuuacha.

Desemba 1952 moshi wa makaa ya mawe uliifunika London kwa siku 5. Makadirio ya kwanza yalitaja vifo 4,000. Uchunguzi wa miaka ya baadaye umetaja hadi 12,000. Sheria ya Hewa Safi ya mwaka 1956 ikazipa halmashauri mamlaka ya kutangaza maeneo ambamo moshi hauruhusiwi. Mpaka hapo inafanana na yenu. Lakini sheria hiyo iliendelea: mwenye nyumba akilazimika kubadilisha jiko lake ili kuitii, halmashauri imrudishie sehemu 7 kati ya 10 za gharama. Waingereza walikuwa wametoka vitani miaka 11 tu kabla, na mgao wa chakula ulikuwa umeondolewa mwaka 1954. Hawakuwa na fedha za kuchezea. Walielewa tu kwamba amri bila msaada ingekuwa adhabu ya kuwa maskini.

Na nakiri upande wako una ukweli hapa. Zipo hatua za mazingira zilizowaumiza watu wa chini. Novemba 2018 Wafaransa waliovaa vizibao vya njano waliingia barabarani kwa sababu kodi ya mafuta ilikuwa inapandishwa kwa jina la tabianchi, huku mtu wa vijijini asiye na basi wala treni akiwa hana njia nyingine ya kufika kazini. Desemba serikali iliiondoa nyongeza ile. Ukiwa na hofu ya kurudia kosa kama hilo, hofu yako ni halali na naiheshimu. Dawa yake ni kuandika ndani ya sheria ndogo nani atalipa na nani atasaidiwa, kabla ya kutaja faini.

5. Unatuahidi mafuta ya bei nafuu.

Hili nitalipitia haraka kwa sababu halimo mikononi mwa diwani, nawe unajua. Ila kwa kuwa unalisema kila jukwaani: utafiti wa Shirika la Fedha la Kimataifa uliochapishwa mwaka 2012, uliohusu nchi nyingi zinazoendelea, ulionyesha kwamba ruzuku ya mafuta huwapa moja ya tano ya watu walio matajiri zaidi takriban mara sita ya kile wanachopata moja ya tano ya walio maskini zaidi. Mwenye magari matatu hufaidi mara tatu. Anayetembea kwa miguu huambulia kidogo. Kama kweli unataka kumshushia gharama huyo wa miguu, mjengee njia anayoweza kupita mvua ikinyesha, na ulisimamie basi lifike kwa wakati.

Najua majibu yatakayokuja, kwa sababu mengine nimeshayapewa.

Utasema bajeti haitoshi. Nakubali haitoshi. Lakini kisichotosha kinahitaji hesabu ya wazi kuliko kinachotosha, na hesabu hiyo hatujaiona. Utasema mto, mafuta na maji viko chini ya serikali kuu. Baadhi, ndiyo, lakini mtaro, jalala, sheria ndogo na ugawaji wa viwanja vimepita mikononi mwa baraza lenu, na kumbukumbu za vikao zina kura yako. Utasema wananchi wenyewe ndio wanaotupa taka mtaroni. Ni kweli, wapo, na nimewahi kugombana nao. Lakini mpe mtu gari linalopita siku inayojulikana, halafu mkamate akitupa. Huwezi kumlaumu mtu kwa kukosa mahali ambapo wewe ndiye uliyepaswa kumwekea. Jijini Curitiba, Brazil, kulikuwa na mitaa ambayo gari la taka halikuweza kupita. Mwaka 1991 jiji lilianza kuwapa wakazi chakula kibichi kwa kubadilishana na taka zinazoweza kutumika tena: kilo 4 za taka kwa kilo 1 ya matunda na mboga. Taka zikatoka na watu wakapata kitu cha kupika. Pale kapu lilikuwa moja, Mheshimiwa.

Na pengine utasema naandika kwa sababu za kisiasa. Sina chama ninachokitumikia wala nafasi ninayoitafuta. Niliandika kwako mara mbili kwa siri kabla ya kuandika hivi.

Ninachoomba ni hiki. Ukurasa mmoja ubandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata, uonyeshe fedha za taka na mitaro kwa mwaka huu na mwaka uliopita: zilizoingia, zilizotoka, na ratiba ya gari mtaa kwa mtaa. Upimaji wa maji uendelee bila kukatizwa, na majibu ya maabara yabandikwe ubaoni palepale, yawe mazuri au mabaya. Ugawaji wa viwanja bondeni usimame mpaka wakazi wa pande zote mbili za mto wasikilizwe kwenye kikao kilichotangazwa. Faini ya kuni na mkaa isitishwe, na irudi barazani ikiwa na kifungu kinachosema halmashauri itachangia nini ili mtu aweze kubadilisha jiko. Tena, kuanzia sasa, kila pendekezo litakaloletwa barazani kwa jina la kupunguza gharama liambatane na maelezo ya gharama hiyo itamwangukia nani ikishaondoka halmashauri.

Katika hayo, la maji lisingoje mengine. Kama lazima uanze na moja, anza na hilo wiki hii.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 30, nami nitalisambaza kwa wakazi kama lilivyo, bila kulipunguza wala kuliongeza. Ukipenda kuja mwenyewe, njoo mvua ikiwa imenyesha. Tutatembea pamoja kutoka jalalani hadi kisimani, ni mwendo mfupi, kisha tutakaa nyumbani kwangu nikufungulie daftari ukurasa kwa ukurasa. Jirani yangu naye amesema atakuwepo. Ana swali moja kuhusu maji ya kisima, na angependa akuulize yeye mwenyewe.

Wako kwa heshima,
Mkazi na mpiga kura wa kata yako

Nakala:
Mwenyekiti wa Halmashauri
Afisa Afya na Mazingira wa Halmashauri
Wenyeviti wa mitaa yote ya kata